Timu Iliyokataa Kuwaacha Wawili Nyuma

Ikiwa yupo mwalimu wa michezo anayeisoma safu hii huku timu yake ikijiandaa kwa mashindano ya kaunti, namwomba jambo moja. Aahirishe mazoezi kwa nusu saa, awaketishe wachezaji wake chini ya mti ulio karibu na uwanja, na awasimulie habari za timu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani iliyoshinda mechi zake zote tisa katika msimu wa mwaka 1951, kisha ikakosa karibu kila kitu ambacho ushindi huo ulistahili kuiletea. Ilikosa kwa hiari yake. Nami ninayo sababu ya kuwaomba walimu wenzangu wakisimulie kisa hiki, sababu ambayo nitaieleza kabla sijaiweka kalamu chini, ingawa kuieleza kwenyewe kunanitia haya.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Wamarekani huuita kandanda, lakini si kandanda tuijuayo sisi. Ni jamaa wa karibu zaidi wa raga. Mpira una umbo la yai na hushikwa kwa mikono, na wachezaji kumi na mmoja wa kila upande huvaa kofia ngumu na kinga za mabega kwa sababu kugongana ndiyo kazi yao. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi. Ikifaulu, hupewa nyingine nne. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Anayeufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huipatia timu yake alama sita. Huko Marekani mchezo huu wa vyuo vikuu si burudani ya wanafunzi peke yao, kwani viwanja kadhaa huingia watazamaji zaidi ya laki moja kwa mechi moja.

Msimu wa kawaida ukimalizika, huja mechi maalumu zinazochezwa karibu na sikukuu ya Mwaka Mpya. Katika miaka ile timu haikufika huko kwa kuhesabiwa alama kama ilivyo katika ligi zetu. Ilibidi wenye mechi waipende na kuialika. Mwaliko huo ndio uliokuwa heshima kuu, na ndio uliokuwa na fedha. Msomaji na aliweke jambo hilo akilini, maana kisa chote kimesimama juu ya neno hilo moja: mwaliko.

Chuo Kikuu cha San Francisco, kilichoanzishwa na mapadri wa shirika la Wajesuiti mwaka 1855, hakikuwa miongoni mwa vigogo vya mchezo huo. Kilikuwa chuo kidogo cha jijini, na hazina yake haikuweza kushindana na ile ya vyuo vikubwa vya serikali. Hata hivyo, mkufunzi Joe Kuharich alikuwa amekusanya vijana wa ajabu. Alikuwapo Gino Marchetti, aliyekuwa amepigana barani Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili kabla ya kuingia chuoni. Alikuwapo Bob St. Clair, jitu la urefu wa zaidi ya mita mbili. Alikuwapo Ed Brown, aliyekuwa akirusha mpira na kuongoza mashambulizi. Kijana aliyewapelekea waandishi habari za timu hiyo aliitwa Pete Rozelle, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1960 hadi 1989, alikuwa mkuu wa ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani nzima.

Na walikuwapo Ollie Matson na Burl Toler. Matson alizaliwa Texas, Toler akazaliwa Memphis, katika jimbo la Tennessee. Wote wawili walikuwa Wamarekani weusi, na ndio peke yao waliokuwa weusi katika timu ile. Matson alikuwa mkimbiaji. Akipewa mpira na kuona upenyo, wapinzani walibaki wakizitazama nyayo zake. Msimu ule alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, akawapita wakimbiaji wote wa vyuo vikuu vya nchi ile, na mara 21 aliuvusha mstari wa mwisho. Toler alikuwa mlinzi, na wenzake walimhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa waliopata kuwaona.

Timu hiyo ilianza kushinda mwezi wa Septemba na haikuacha. Mwezi wa Oktoba ilivuka bara zima kwenda New York na kuishinda Fordham alama 32 kwa 26. Hiyo ndiyo mechi iliyowatoa jasho zaidi, na ndiyo iliyowafanya waandishi wa habari wa mashariki wamtambue Matson, ambaye mara mbili aliupokea mpira wa kuanzishia na kukimbia nao karibu urefu wa uwanja mzima hadi kufunga. Mwezi wa Novemba walikabiliana na Chuo cha Pacific, jirani yao wa Stockton, katika mechi ambayo watu wengi waliamini kwamba mshindi wake angealikwa katika mechi kubwa za Mwaka Mpya. San Francisco walishinda 47 kwa 14. Wakafunga msimu kwa kuwalaza Loyola 20 kwa 2. Mechi tisa, ushindi tisa, bila sare hata moja.

Sasa walisubiri mwaliko. Mechi kubwa za Mwaka Mpya zilizokuwa zikitafuta timu zilichezwa katika majimbo ya kusini: Orange Bowl huko Miami, Sugar Bowl huko New Orleans, Gator Bowl huko Jacksonville. Katika majimbo hayo, wakati huo, sheria iliwatenga weusi na weupe katika shule, katika mabasi, katika mikahawa na hata penye bomba la maji ya kunywa. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani uliopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma haukutolewa hadi tarehe 17 Mei 1954. Kwa hiyo ujumbe uliowafikia vijana wa San Francisco, kama walivyosimulia wenyewe kwa miaka mingi baadaye, ulikuwa na masharti. Waliambiwa kwamba mlango wa Orange Bowl ungeweza kufunguliwa, mradi Matson na Toler wabaki nyumbani.

Hebu mwanafunzi afikirie uzito wa sharti hilo kabla hajakimbilia kusema kwamba jibu lilikuwa rahisi. Vijana wale walijua kwamba mchezo wao ulikuwa ukikipatia chuo hasara, na kwamba fedha za mechi moja kubwa zingeweza kuuokoa. Wengi wao walikuwa katika mwaka wao wa mwisho. Nafasi hiyo isingerudi. Walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na walikuwa wamefanya kazi ya msimu mzima. Kisha wanaambiwa kwamba matunda yote haya ni yao, ila wale wawili tu ndio watakaoyakosa. Wangapi kati yetu tungetafuta maneno matamu ya kuwabembeleza wawili hao wajitolee kwa faida ya wengi?

Walikataa. Kwa masimulizi ya wachezaji wenyewe, hapakuwa na mjadala mrefu. Waliona kwamba timu iliyoshinda mechi tisa ilikuwa na Matson na Toler ndani yake, na kwamba timu isiyo nao ingekuwa timu nyingine, isiyostahili kualikwa popote. Kwa kweli walisimama upande wa hesabu ya kawaida. Waliohesabu vibaya ni wale waliotaka kununua ushindi na kuwaacha washindi.

Wahenga wetu husema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hiyo imejaa hekima ya uchungu, nasi tumeishuhudia ikitimia mara nyingi. Lakini ni vyema tuwaonyeshe vijana kwamba methali huonya juu ya desturi za wanadamu bila kuwafunga wanadamu kuzifuata. Hapa palikuwa na watu waliokula pamoja, wasio wa damu moja wala rangi moja, na ilipofika siku ya kufa walikufa pamoja.

Nasema walikufa, maana gharama ililipwa kwelikweli. Mialiko ya maana haikuja. Chuo cha Pacific, ambacho walikuwa wamekichapa 47 kwa 14, ndicho kilichoalikwa kucheza Sun Bowl huko El Paso, Texas, siku ya Mwaka Mpya. Muda si muda Chuo Kikuu cha San Francisco kilitangaza kwamba kinaufuta mchezo huo kwa sababu ya gharama. Bob St. Clair, aliyebakisha mwaka mmoja, ilimbidi ahamie Tulsa ili aendelee kucheza. Kuharich alikwenda kufundisha timu ya kulipwa. Mpaka leo watu huikumbuka timu ile kwa maneno matatu: haikushindwa, haikutoka sare, haikualikwa.

Naomba niseme kidogo kuhusu yaliyowapata baadaye, ila tusiyachukulie kuwa ni malipo ya wema wao. Matson, kabla ya mwaka 1952 kwisha, alikuwa amekimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki na kurudi na nishani ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti. Yeye, Marchetti na St. Clair, wachezaji watatu wa timu moja ya chuo kidogo, waliingizwa wote katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Ni mafanikio makubwa, lakini hata kama wote wangeishia kuwa makarani wasiojulikana, uamuzi wao ungebaki kuwa wa haki. Haki haingoji kuzaa nishani ndipo iitwe haki.

Habari inayonigusa mimi zaidi ni ya Burl Toler. Katika kiangazi cha mwaka 1952 aliumia goti vibaya akiwa katika kikosi cha nyota wa vyuo vikuu, na matumaini yake ya kucheza kwa malipo yakazimika kabla hayajaanza. Alirudi San Francisco akawa mwalimu. Alifundisha katika shule ya vijana iitwayo Benjamin Franklin, na baadaye akawa mkuu wa shule hiyo, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo kama hicho katika shule za sekondari za jiji lile. Mwaka 1965 ligi ya kulipwa ilimwajiri kuwa mwamuzi, na hapo pia alikuwa mweusi wa kwanza. Juma zima alikuwa shuleni na watoto. Jumapili alikuwa uwanjani na filimbi. Mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa Super Bowl, mechi ya fainali ya taifa. Majengo ya shule aliyoiongoza yalikuja kupewa jina lake, na mwaka 2017 chuo chake cha zamani kilikipa jina lake bweni lililokuwa na jina la mwanasiasa aliyejulikana kwa chuki dhidi ya Waasia. Toler alifariki mwaka 2009. Mtu ambaye waandaaji wa mechi walitaka aachwe nyuma aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake akihakikisha kwamba watoto wa watu wengine hawaachwi nyuma.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mmoja atasema kwamba lau wangekwenda na kushinda, fedha zingeuokoa mchezo, na vijana wengine weusi wangepata ufadhili wa masomo kwa miaka mingi. Huenda. Lakini vijana hao wangeingia katika chuo ambacho tayari kimeonyesha kwamba kiko tayari kuwaacha kikipewa bei inayofaa. Mwingine atasema kwamba tunawasifu mno wachezaji weupe kwa kutenda lililokuwa wajibu tu, ilhali walioonewa ni wale wawili. Hapo naafiki. Ni Matson na Toler waliobeba tusi lile. Wenzao walikataa tu kulishiriki. Hata hivyo, dunia yetu ina upungufu mkubwa wa watu wanaotenda lililo wajibu tu, na mwalimu anayekosa kuwaonyesha wanafunzi mfano wa watu hao amewanyima somo.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Mwaka 1976 Kenya iliungana na mataifa mengine ya Afrika kujiondoa katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi na bado New Zealand ikaruhusiwa kushiriki. Mike Boit, aliyekuwa amepata nishani ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, hakukimbia. Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko huko Marekani, hakupata kukimbia katika Olimpiki hata mara moja, maana Kenya haikwenda Montreal wala Moscow mwaka 1980. Ipo tofauti moja, hata hivyo. Uamuzi wa mwaka 1976 ulifanywa na serikali, na wanariadha ndio waliolipa. Vijana wa San Francisco waliamua wenyewe na wakalipa wenyewe. Hilo ndilo linalonifanya nikiite kisa chao kisa cha shule. Shuleni ndiko mtu anakopaswa kujifunza kuamua huku akijua bei.

Sasa nifike kwenye haya yangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa nikiisimamia timu ya kandanda ya shule moja ya upili. Golikipa wetu alikuwa mvulana wa kidato cha tatu, mtoto wa mjane, mpole, mwenye mikono mirefu. Asubuhi ya fainali basi lilikuwa limekwisha kuwashwa ndipo ikaja amri kwamba wanafunzi wenye karo isiyolipwa wasisafiri. Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliposikia jina lake alishuka, akavua jezi, akaikunja kwa uangalifu kama mtu anayekunja nguo ya kanisani, akanikabidhi pamoja na glavu zake. Nilizipokea. Sikusema neno. Wachezaji wenzake walinitazama mimi, na waliponiona nimenyamaza, nao walinyamaza. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Tuliporudi jioni tukiimba, yule kijana alikuwa amekwisha tumwa nyumbani kutafuta karo, na muhula uliofuata hakurudi.

Kombe lile liliwekwa katika kabati la vioo. Kila nilipopita mbele yake nilijiambia kwamba mimi nilikuwa mwalimu mdogo asiye na sauti. Ni kweli sikuwa na mamlaka ya kuifuta amri. Lakini nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na miguu ya kushuka ndani ya basi. Zaidi ya hayo, nilikuwa na vijana kumi na wanne waliokuwa wakinitazama ili wajue mtu mzima hufanya nini wakati kama ule. Niliwafundisha kunyamaza, na nahofia walijifunza vyema.

Leo michezo imezidi kuwa na uzito shuleni. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya shule za upili za ngazi ya juu. Huko Marekani nako, tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vikuu wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu msimu wa mwaka 2024 timu kumi na mbili hushindania ubingwa wa taifa kwa mtoano. Sipingi hata moja kati ya hayo. Kijana mwenye kipaji ana haki ya kula jasho lake. Lakini fedha na makombe yanapoongezeka, ndivyo yanavyoongezeka masharti ya kumwacha mtu nyuma, na mara nyingi masharti hayo hayataji rangi. Hutaja karo, hutaja kabila, hutaja jina la baba, hutaja ulemavu, na kila mara huja na maneno ya adabu kuhusu faida ya wengi.

Kwa hiyo nawashauri walimu mambo mawili. Kwanza, shule ipatane mapema, kwa maandishi, kwamba mchezaji aliyechaguliwa hataondolewa kikosini kwa sababu ya umaskini wa mzazi wake; deni la karo lina njia zake za kudaiwa, na mlango wa basi si mmojawapo. Pili, kila timu ifundishwe kuketi na kuamua pamoja. Nahodha asiwe mbebaji wa mpira tu. Awe na ruhusa ya kusema mbele ya mwalimu kwamba wachezaji wanaona kuna dhuluma, bila kuogopa kuitwa mtovu wa nidhamu. Nidhamu isiyojua kukataa ovu ni woga uliovaa sare ya shule.

Nawe mwanafunzi, usingoje uwe mkubwa. Wale vijana wa San Francisco hawakuwa wazee wala viongozi wa nchi. Walikuwa wanafunzi wenye mitihani ya kufanya na maisha ya kutafuta. Siku utakapoambiwa kwamba kuna nafasi yako lakini hakuna ya mwenzako, uliza sababu, na uulize kwa sauti inayosikika hadi kiti cha nyuma. Na mwalimu akiletewa amri asubuhi ya safari kwamba mmoja ashuke, amwombe dereva azime injini kwanza, kisha ndipo wazungumze.